Mashine Iliyonguruma Jumamosi

Kwa nini kompyuta inyamaze juma zima kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu, halafu Jumamosi, Tantine anapovuta pumzi kati ya ubeti na ubeti, ianze kunguruma?

Swali hilo lilinitesa kule Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa mtu wa kujivunia kwamba maswali hayanitesi, ninayatesa mimi. Nilikuwa namalizia shahada ya fizikia kwenye chuo cha Westville, mahali ambapo wahadhiri walitufundisha jinsi joto linavyosafiri huku tumbili wakisafirisha mikate yetu kutoka kwenye mikoba. Nilikuwa nimeshamhoji mchungaji kuhusu ukubwa wa safina, nikamhoji kaka yangu kuhusu karibu kila uamuzi aliowahi kufanya, na wote wawili walikuwa wamejifunza kuangalia saa wakiniona naingia. Kompyuta, nilidhani, ingekuwa rahisi. Kompyuta haina imani wala haina aibu.

Ilikuwa ya kaka. Kaka alisomea umeme Lubumbashi, na kwa kuwa nchi iliyotupokea ilitangaza kila siku kwamba ina uhaba wa wahandisi, ilimpa kazi ya kulinda magari ufukweni. Mchana alivaa koti la rangi ya chungwa, akawaonyesha watu kwa mikono yote miwili namna ya kurudi nyuma kwenye nafasi ambayo lori lingeingia lenyewe. Jioni alivua koti akawa mwenye studio.

Studio ilikuwa nusu ya chumba katika fleti ya mjini. Nusu ya pili, nyuma ya pazia, waliishi mume na mke Warundi waliokuwa na meza ya nguo Isipingo. Nusu ya kwetu ilikuwa na kitanda, kabati la nguo, meza, maikrofoni moja nzuri, na magodoro yaliyosimamishwa ukutani ili kuua mwangwi. Kaka aliwarekodia wanakwaya wa kanisa letu, Wakongo wengi na Warundi wachache, watu ambao wiki nzima walisuka nywele na kuuza simu za mitumba, na Jumamosi mchana walikuwa kwaya.

Rekodi ya kwanza kabisa ilikuwa na kasoro moja. Kompyuta ilikuwa na feni, na feni zilipiga kelele, na kwa hiyo kwaya ilisikika kana kwamba inamsifu Bwana pembeni ya ndege inayojiandaa kuruka. Kaka akatoa feni. Kompyuta, katika joto la Durban, Februari, madirisha yamefungwa, ikapata moto ikaganda katikati ya haleluya. Niliuliza kwa nini tusiipeleke chumba kingine. Kaka alinitazama kwa upole, akasogeza pazia kidogo, akanionyesha Mrundi akikunja suruali. Chumba kingine kilikuwa na watu.

Ndipo akaamua kuipoza kwa maji. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo wako vijana wanaofanya hivyo ili kompyuta zao ziende mbio kuliko zilivyokusudiwa. Kaka hakutaka iende mbio. Alitaka ifunge mdomo. Alinunua Isipingo rejeta ndogo ya hita ya gari lililokufa, na pampu ya tangi la samaki wa mapambo. Alichonga kipande cha shaba akakibandika juu ya prosesa, akakiunganisha kwa mipira ya plastiki, na chupa ya juisi ya lita mbili ikawa tangi. Maji yalipita kwenye shaba yakabeba joto, yakaenda kwenye rejeta yakalitua, yakarudi kwenye chupa kupumzika. Vyote hivyo alivifungia ndani ya kabati la nguo, na mlango wa kabati akauvika blanketi.

"Maji na umeme," nilimwambia, "ndani ya kabati la mbao, chini ya mashati yako."

"Ndiyo."

"Na wewe ni mhandisi."

"Ndiyo sababu nimeweka na taulo."

Kitu chenyewe, lazima niseme, kilifanya kazi. Jambo hilo liliniudhi kiasi.

Na kilihitajika, kwa sababu ya Tantine. Tantine ni mdogo wake mama yetu, na ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi. Siku za kazi alisuka nywele karibu na stesheni, ameketi kwenye kreti, na alikuwa na goita shingoni ambayo aliifunika kwa skafu hata jua likiwa la kuyeyusha lami. Ilipozidi kukua nilimpeleka hospitali ya serikali, kwa kuwa alijua Kifaransa, Kiswahili na Mashi, na daktari hakujua hata kimoja. Daktari aliuliza, mimi nikatafsiri. Anapumua vizuri akilala? Anapumua vizuri. Anameza chakula bila shida?

"Mwambie sina shida," Tantine alisema, akikunja skafu yake mapajani. "Ninameza vizuri kabisa."

Nikamwambia. Daktari akasema vema, tutampasua, tarehe hii hapa. Chakula kikianza kukwama asingoje tarehe, aje siku hiyo hiyo alazwe. Na kuna jambo moja la kujua: karibu na uvimbe kuna neva ya sauti. Huenda sauti ikabaki ilivyo, huenda ikabadilika isirudi. Nilitafsiri yote kwa uaminifu mkubwa, bila kuongeza wala kupunguza neno, na nilipotoka pale nilijiona nafaa Umoja wa Mataifa.

Njiani Tantine hakuzungumzia kisu. Alizungumzia sauti, ambayo wasusi wenzake walikuwa wameshamwonya kwamba kisu huichukua. Alikuwa na binti, aliyepotezana naye wakati watu walipokuwa wakikimbia, mtoto mdogo wakati ule. Habari zilikuwa zimefika kupitia kanisa kwamba yuko hai, kambini Tanzania, anakaa na jamaa wa upande wa baba. Tantine alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe, aliokuwa akimwimbia huyo mtoto akimsuka. Alitaka uingie kwenye kaseti, na kaseti ipelekwe kambini na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Kigoma.

"Sura yangu atakuwa alisahau," alisema tulipokuwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani za huko, tukingoja kuvuka. "Mais lakini sauti, hapana. Hii ya sasa. Hii ya kesho sijui itakuwa ya nani."

Basi kazi ilikuwa hiyo. Wimbo mmoja, kabla ya tarehe ya hospitali. Hata mimi sikuwa na la kubisha.

Jumamosi ya kwanza aliimba vizuri mpaka Mrundi na mkewe, waliokuwa wamechelewa kuondoka, wakaacha kukunja nguo. Wimbo ulikuwa na mapumziko marefu kati ya beti, pale ambapo zamani mtoto alikuwa akiitikia. Kwaya iliombwa ikae kimya hapo. Kaka alitaka kimya hicho kisikike. Tukasikiliza rekodi. Ubeti wa kwanza, safi kama kioo. Kisha kimya. Kisha, ndani ya kimya, *ngurrr*, kama mtu anayesukutua maji kinywani halafu akabadili mawazo.

Kila mtu aligeuka kulitazama kabati.

"Labda iko nasikia njaa," Tantine alisema, na kwaya nzima ikacheka, yeye akicheka kuliko wote.

"Hewa," kaka alisema. "Kuna hewa kwenye mipira."

Nilichukua mwiko wake wa ugali. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukiweka ncha moja ya mti kwenye mashine na nyingine sikioni, utasikia kila kinachotokea ndani, na kwamba fundi makanika yeyote anafanya hivyo kwa bisibisi bila kuwa na shahada. Kwaya ilinitazama nikilipima kabati kama daktari anayepima mjamzito. Pampu ilikuwa ikivuma, mvumo mdogo ukipita kwenye mbao. Rejeta ilikuwa na sauti ya mchanga unaoteleza: hewa kweli. Kaka alikuwa ameilaza matundu yakiwa chini, kwa hiyo hewa ilikuwa imekaa juu kama mpangaji asiyelipa, na maji yakipita chini yake kwa adabu.

Juma lote lililofuata, kila nilipotoka Westville jioni, tulishughulika. Tuliweka pampu juu ya sponji ya vyombo. Tuligeuza rejeta matundu yaangalie juu, tukaitikisa na kuiinamisha huku nikiminya mipira kama mtu anayekamua ng'ombe mwembamba, nayo ikacheua povu jingi kwenye chupa. Kisha nikamwambia kaka apandishe chupa juu ya kabati, iwe juu ya vyote, maana hewa hupanda, haijawahi kushuka kwa ajili ya Mkongo yeyote. Alibisha kwa dakika chache za heshima, halafu akaipandisha. Jumatano tukawasha maikrofoni. Kaka akasimama mbele yake akasema un, deux, un, deux, akanyamaza, akasema tena. Tukasikiliza. Un, deux. Kimya. Kimya cha kupendeza, cha kuweza kuuzwa.

"Sharp," kaka alisema, na kunipa mimi, dada yake, mkono kama mwanaume mwenzake.

Jumamosi Tantine alivuta pumzi baada ya ubeti wa kwanza, na kabati likanguruma.

Kaka alikwenda Isipingo kubadilisha pampu. Muuzaji, ambaye alikuwa na matangi ya samaki upande mmoja na mikanda ya gari upande wa pili, aliichomeka, akaisikiliza, akasema samaki wake hawajawahi kulalamika. Hata hivyo alimpa nyingine. Jumatano: un, deux, kimya. Jumamosi: *ngurrr*.

Hapo ndipo mchungaji aliposikia habari.

Simsingizii, alikuwa mtu mwema, na alikuwa amewatafutia watu wengi mahali pa kulala kabla hajawatafutia mahali mbinguni. Ila alikuwa na jibu moja kwa mambo mengi. Alikuja na suti yake ya kijivu, akaweka kiganja juu ya mlango wa kabati, akafumba macho.

"Kitu hiki kinanyamaza siku za kazi," alisema.

"Ndiyo, Pasta," kaka akajibu.

"Kinasema siku watu wa Mungu wanapoimba."

"Ndiyo, Pasta."

"Kuna mlango ulifunguliwa hapa."

"Ni bawaba, Pasta. Nitaikaza."

Nilicheka peke yangu. Mchungaji alinifumbulia jicho moja.

"Wewe msomi, uko na maelezo?"

Nilikuwa nayo mengi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Nikasema kwamba yawezekana ni umeme, kwa kuwa Jumamosi jengo zima linapika na nguvu ya umeme inashuka. Yawezekana ni uzito wa kwaya, sakafu inapinda na kabati linainama. Yawezekana ni joto la miili, maji yanatanuka.

"Eish," alisema mchungaji, ambaye alikuwa amekaa Durban muda mrefu kuliko sisi. "Mimi niko na shetani mmoja, wewe uko nao watatu."

Wanakwaya walimpigia makofi, na kusema kweli alistahili. Kisha akatoa agizo. Kuanzia Alhamisi, kwaya yote itafunga. Hakuna chakula mpaka Jumamosi rekodi iishe. Jambo hilo si geni kwetu. Watu wetu wakitaka visa wanafunga, wakitaka mume wanafunga, na mwanafunzi akifeli hesabu familia inafunga badala ya kutafuta mwalimu wa hesabu. Ila kufunga kwa ajili ya kabati la nguo lilikuwa jambo jipya, na nilisema hivyo, na Tantine akaniambia nifunge na mimi, mdomo.

Jumamosi ile sitaisahau. Waliingia wamekauka midomo, macho yanang'aa, wamesimama wameshikana mikono. Tantine akaimba ubeti wa kwanza. Ukaja ukimya. Na kabati likajibu, si mara moja. Lilinguruma kushoto, likaitikia kulia, likatoa mlio mwembamba kama mlango wa mbali, kisha sauti nzito ya kiume chini kabisa. Kwa mara ya kwanza mashine ya kaka ilikuwa inaimba kwa sauti nne.

Mama mmoja wa sauti ya pili alianza kulia. Mchungaji alisema adui anapigana kwa nguvu akijua muda wake umekwisha. Kaka alikaa kitandani akashika kichwa. Tarehe ya hospitali ilikuwa Jumanne ya juma linalofuata, na Tantine alikaa kwenye kiti akiwa ameishika skafu yake, akilitazama kabati kama mtu anayetazama taxi ya mwisho ikiondoka.

Nilirudi Westville nikiwa na hasira, na hasira hunifikirisha vizuri. Tulikuwa tumebadilisha pampu, mipira, mkao, chupa. Kila kitu kilikuwa kimebadilishwa isipokuwa wazo kwamba ni mashine. Hilo hakuna aliyeligusa, nami nikiwemo, mimi ninayehoji kila kitu. Jumatatu nikarudi mjini, nikamwomba Tantine aje kabla hajaenda kusuka. Kwaya haikuitwa. Nikamwambia kaka azime kompyuta.

"Utarekodi na nini?"

"Na redio yako ya kaseti. Kwa betri. Na pampu zima. Na friji ya Warundi chomoa."

"Wataniua."

"Chomoa."

Fleti ikawa kimya mpaka tukasikia taxi zikiita abiria huko chini. Kaka akafunga dirisha. Tantine akasimama mbele ya redio, akaimba ubeti wa kwanza, akanyamaza.

*Ngurrr.*

Mimi nilitazama kabati, ambalo lilikuwa limekufa kabisa. Kaka naye alitazama kabati, kwa mazoea. Tantine alitazama dirisha.

"Tantine," nikasema.

"Eh?"

"Umekula leo?"

Kaka alinikanyaga mguu, na alikuwa na viatu vya kazini.

"Unauliza nini, wewe?" Tantine alisema. "Nimefunga."

"Kufunga si kuliisha Jumamosi?"

"Kwa kwaya kuliisha. Mimi na Mungu tuko na yetu."

Kaka alinivuta mpaka nyuma ya pazia, kwenye nusu ya Warundi, kati ya mafungu ya suruali.

"Hauwezi kumwambia mama mzima tumbo yake ndiyo iko nafanya fujo," alininong'oneza.

"Kwa nini nisiweze? Ni kweli."

"Ni dada ya mama!"

"Na tumbo ni lake. Wanafunga siku ya kurekodi, wote, kila Jumamosi, si ndiyo desturi yenu? Tantine anasimama karibu na maikrofoni kuliko wote. Na Pasta alipowafungisha siku tatu, matumbo yote yakaitikia. Nyinyi mmekuwa mkiombea matumbo yenu!"

Nilifurahi mno. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile kwa jambo jingine, hata siku ya matokeo. Ilikuwa ni hesabu nzuri kabisa: kadiri watu walivyofunga ili mashine inyamaze, ndivyo mashine ilivyonguruma. Ningeweza kuiandika ubaoni. Dini ilikuwa imejikanyaga mguu yenyewe, mbele yangu, kwenye kaseti, na ushahidi ungeweza kurudishwa nyuma na kusikilizwa tena.

"Ninasikia," Tantine aliita kutoka upande wa pili. "Pazia si ukuta."

Tulitoka. Kaka alianza kuomba msamaha kwa Kifaransa, lugha anayoitumia akitaka kujificha. Tantine akamkatiza kwa mkono.

"Kwa hiyo nikikula, itanyamaza?"

"Itanyamaza," nikasema.

"Na nadhiri yangu?"

"Mungu anasikia hata ukiwa umeshiba, Tantine. Tatizo letu ni kwamba maikrofoni nayo inasikia."

Alinitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona kwamba anacheka. Kaka tayari alikuwa na mkate mkononi. Tantine alikataa mkate. Kaka akasema kuna fufu ya jana, ugali wetu wa muhogo, na samaki, anaipasha moto sasa hivi. Alikataa fufu.

"Nipikie uji," alisema. "Na uwe mwepesi. Mtu akifungua, anaanza na kitu chepesi."

Nilipika uji. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ungeweza kupita kwenye mashine ya kaka. Nikampa kikombe, nikakaa kitandani kungoja, na nikangoja. Alikunywa kwa kijiko. Kijiko kimoja, kidevu juu, mkono kwenye skafu, anafumba macho. Kisha anapumzika kana kwamba amepanda ngazi. Kisha kijiko kingine. Nilikuwa na kipindi Westville mchana. Nilitazama saa, nikaitazama tena mahali anapoweza kuniona.

"Tantine, hicho ni kikombe cha uji," nilisema. "Si meza ya Bwana."

Alicheka, uji ukampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka na uji mwingine ukarudi kwa njia ya pua. Kaka alimpigapiga mgongoni akinilaani. Yeye alijifuta kwa ncha ya skafu, akanionyesha kikombe kitupu kama mtoto anayetaka sifa.

Tukawasha kompyuta. Pampu ikaanza kusukuma maji, kimyakimya, kama ilivyokuwa ikifanya siku zote bila kupata shukrani ya mtu. Tantine aliimba peke yake, bila kwaya, tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye mapumziko alinyamaza, na ukimya ukakaa pale, mzima, wenye nafasi ya kumtosha mtoto. Hakurudia. Kaka alisimamisha rekodi na kubaki amenyoosha kidole juu ya kitufe, hataki kusogea. Mimi nilichelewa kipindi.

Mchungaji alipoambiwa kwamba rekodi imepatikana, alitangaza kanisani kuwa mfungo umeshinda. Nilisimama kutaka kusahihisha. Kaka alinivuta sketi nikakaa.

Tantine alipasuliwa siku iliyopangwa. Alilala hospitali muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na aliporudi alikuwa na kovu kama mkufu mwembamba na sauti mpya, nzito, yenye mikwaruzo, ambayo ilishindwa kupanda hata nusu ya ubeti. Alihamia sauti ya tatu, pamoja na wanaume, na kuwaongoza kwa nyusi. Kaseti ilisafiri hadi Kigoma ndani ya mzigo wa vitenge. Mashine ya kaka iliendelea kurekodi kwaya, ambayo sasa ilikunywa chai nyuma ya pazia kabla ya kuanza, jambo ambalo hakuna aliyelieleza kwa mchungaji. Ilikuja kuvuja mwaka uliofuata, siku ya kazi, bila kelele yoyote. Taulo halikusaidia.

Hadithi hii niliisimulia kwa miaka mingi. Niliisimulia kwa wanafunzi wenzangu, kwa wafanyakazi wenzangu, kwa mwanaume niliyeolewa naye, kila mara nikiigiza sauti nne za matumbo, na kila mara ikiishia pale kwenye nadhiri na uji. Ilikuwa hadithi yangu bora kuhusu watu wanaokubali mambo bila kuuliza.

Mara ya mwisho niliisimulia nyumbani kwa Tantine, Jumapili moja, mezani. Binti yake alikuwepo. Alikuwa amekuja Durban akiwa mtu mzima, na alikuwa bado anayo ile kaseti ingawa hana tena cha kuipigia. Aliniomba niigize kabati. Nikaigiza. Kila mtu alicheka, kaka akapiga meza, na Tantine alikuwa akila fufu, anakata tonge kubwa, anachovya kwenye sombe, kisamvu cha kwetu, na kumeza haraka haraka, bila kutafuna, kama watu wetu wanavyomeza fufu. Alingoja kicheko kiishe.

"Sikuwa nimefunga," alisema kwa ile sauti yake nzito.

Nikamwambia alifunga, yeye mwenyewe aliniambia.

"Nilikuambia hivyo. Ungeniuliza nini tena? Ulifurahi sana."

Akakata tonge jingine, akalimeza.

Chakula kilikuwa kimeacha kupita kooni mwake kabla ya siku ile niliyompeleka kwa daktari. Alikuwa akiishi kwa chai na uji, na kanisani alisema amefunga ili asiulizwe. Na jibu lile la kwamba anameza vizuri, nililolitafsiri kwa uaminifu mkubwa, bila kuongeza wala kupunguza neno, alilitoa ili wasimlaze kabla hajaimba.